Mbwa Aliyechaguliwa na Bwana Kivuyo

Bwana Kivuyo, tajiri wa farasi, alifika na watumishi wake kwa Nasinyari, mjane aliyelima kwenye ardhi yake. Alitaka mbwa wa kukaa na farasi, tena aliye bora, la sivyo mjane ahame.

"Ninao wawili, chagua mwenyewe," Nasinyari alisema. "Bingwa wa farasi ni wewe. Mbwa akishtuka ovyo, farasi nao hupagawa."

Akagonga sufuria. Mbwa mchangamfu, kipenzi cha wanawe, aliruka huku akibweka. Mwenzake aliendelea kulala.

"Nampenda huyu mtulivu," Kivuyo alisema kwa madaha, akaondoka naye.

Kesho yake alirudi peke yake. "Namwita mpaka koo linakauka, hageuki."

"Ni kiziwi tangu azaliwe, bwana. Nikuletee yule mwingine, niwaeleze watumishi wako kwamba bingwa alikosea?"

Kivuyo alitazama nyuma yake.

"Usiwaambie kitu," alisema, akaenda zake.