Koti la Watu Wawili

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana simu zilikuwepo na umeme ulikuwa ukikatika vilevile, palikuwa na kikundi cha wacheza dansi pale Tanga. Ndani yake alikuwemo Hemedi, mtu wa kushuku. Ukimsalimia, anajiuliza unataka nini. Usipomsalimia, anajiuliza umesikia nini. Na msimcheke, jamani. Mwanamume anayependa wanaume, tena anapanda jukwaani mbele ya watu wa mtaa wake, ana sababu ya kutazama nyuma mara mbilimbili.

Dansi yao iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya koti. Koti moja kubwa la mtumba, watu wawili ndani. Hemedi anavaa mkono wa kulia, Lusajo mwenzake anavaa wa kushoto, vifungo mpaka shingoni, vichwa viwili vimechomoza juu kama mapapai. Huyu anataka kukaa, yule anataka kusimama. Huyu anakwenda kulia, yule anakwenda kushoto. Watu hoi! Na ile mikono miwili iliyobaki ilikuwa ndani ya koti, hakuna aliyeiona.

Kicheko ndicho kilichowalinda. Wanaume wawili wakibanana na watu wanacheka, ni vichekesho. Wakibanana na watu hawacheki, hapo ni kesi, na Hemedi alilijua hilo kuliko alivyojua hatua za dansi.

Basi wiki ya kwanza koti likapwaya. Wiki ya pili likakaa. Wiki ya tatu likabana mpaka Hemedi akausikia moyo wa Lusajo ukimgonga ubavuni. Akashuku. Akamshuku Lusajo kwamba amenenepa. Akajishuku mwenyewe, akaacha chapati. Wapi! Koti likazidi kubana.

Jumamosi moja, alasiri, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Wakafika pale pa kuzunguka polepole. Ndani ya koti, Lusajo akautafuta mkono wa Hemedi, akaushika, vidole kwa vidole. Kwenye mazoezi hilo halikuwepo. Hemedi akajiuliza: ananishika kweli, au ananifanyia mzaha? Lakini alifurahi, wallahi alifurahi, mpaka akasahau kukunja uso wa kuchekesha.

Kicheko kikakatika. Ukumbi mzima kimya. Mtu mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akanyoosha kidole. "Aa, huu si mchezo huu! Hawa wanapendana kweli!" Viti vikaanza kukwaruza sakafu.

Mara Songoro, mpiga ngoma wao, akaruka. "Mwizi! Nani kaniibia koti langu?" Akakimbia, akajikwaa kwa makusudi kwenye ngoma zake mwenyewe, akabiringika nazo mpaka chini ya jukwaa, miguu juu. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yule wa mstari wa mbele naye akakaa, anajifuta machozi. Dansi ikaisha salama, lakini Songoro alivunjika kifundo cha mkono, na daktari akamwambia ngoma aisahau kwa mwaka mzima.

Asubuhi yake Hemedi akalifumua koti pembeni. Akakuta mshono. Ndani ya mshono, mshono mwingine. Ndani ya huo, wa tatu. Na fundi wa mavazi kikundini alikuwa mmoja tu, Kibwe.

Sasa kikundi kilikuwa kimealikwa Morogoro. Kibwe akaitaka nafasi ya pili kotini. Songoro akaitaka. Lusajo akasema nafasi ni yake, haondoki. Bi Zulfa, kiongozi wao, akachoka na kelele. "Hemedi, dansi uliitunga wewe. Chagua mmoja, mwanangu, tupumzike." Nafasi yenyewe haikuwa ya dansi tu. Hilo wote wanne walilijua.

Kibwe akaanza. "Ni mimi. Nimelipunguza mara tatu. Lusajo ana mabega, nikasema likimbana atatoka, nami mwembamba nitaingia. Miaka miwili nakupima kila mwezi, Hemedi. Hujawahi kujiuliza kwa nini?"

"Kwa hiyo ulinifanyia hila."

"Hila, ndiyo. Na mapenzi, ndiyo. Nilikosea, nikawabana pamoja. Lakini bila sindano yangu, kati yenu kungekuwa na nafasi ya kupita mbuzi mpaka leo."

Songoro akainua bandeji yake. "Mimi sikukubana, sikukushika. Nilikuona umeogopa, nikaanguka. Ngoma sina tena. Ila kwenye koti lile kila mtu anavaa mkono mmoja, na mimi mmoja mzima ninao."

Hemedi akamkazia macho. "Uliponitazama ukaanguka, ulitaka nini kwangu?"

"Mtu haanguki vile kwa ajili ya jirani," akasema Songoro, akatazama chini.

Lusajo yeye akacheka kwanza. Hemedi akapandwa na hasira. "Unacheka nini? Siku ile ulinishika kweli au ulinifanyia mzaha?"

"Nacheka kwa sababu naogopa, kama wewe. Nilikushika mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili. Ukishuku hilo, utaamini nini?" Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Nami nikuulize. Ukumbi uliponyamaza, mkono wa nani uliondoka?"

Hemedi akaanza kufungua na kufunga kifungo cha koti.

"Wangu ulibaki palepale, unapapasa, unakutafuta. Wako ulishajificha nyuma ya mgongo wako kabla yule mtu hajasimama."

Ni kweli. Hemedi aliyewashuku watu wote, sasa akakosa wa kumshuku. Uso ulimchoma kwa aibu, na alimpenda Lusajo, na alikuwa anaogopa bado. Koti lilikuwa mezani mbele yake, safari ya Morogoro ni kesho asubuhi, na wanaume watatu wanamtazama mdomoni.

Haya, nyinyi mnaojifanya mnachezea simu, nawaona mnasikiliza. Yuko aliyelibana koti, yuko aliyeshika mkono, yuko aliyeanguka. Je, nani alistahili kuingia? Na yule aliyeuondoa mkono wake, je, alistahili kuchagua?