Msiba wa Bibi Naetwe Ulivyohamia kwa Askofu

Hapo zamani, wakati chumvi ilipokuwa ikipandishwa milimani juu ya vichwa vya watu, palikuwa na mji uitwao Kwesanga, na katika mji huo palikuwa na Kanisa. Mwanzoni Kanisa lenyewe lilikuwa banda la nyasi, na mhubiri wake alikuwa mtu wa jembe kama wenzake. Watu walipovuna walitoa fungu la kumi: katika vikapu kumi vya mahindi, kimoja, katika mbuzi kumi, mmoja. Mhubiri alikula kidogo, akawagawia wajane na yatima, na kilichobaki akakiweka darini.

Aliyemfuata akaona kwamba kilichoko darini chaweza kukopeshwa. Aliyemfuata huyo akajenga kinu cha kusagia, na mwingine akajenga daraja. Basi ikawa mtu akivuna hutoa zaka shambani, akienda kusaga hutoa zaka kinuni, akivuka mto hutoa zaka darajani, na akifika sokoni hukuta soko nalo ni la Kanisa. Mashamba nayo yakaingia moja moja, hata ikawa watu wote wa Kwesanga wanaishi juu ya ardhi ya Kanisa kwa hisani tu. Mtemi alikuwapo bado, lakini alipotaka kusafiri alikwenda kwanza kuaga kwa Askofu, na mara nyingine alikatazwa. Ghala likawa refu kuliko nyumba ya ibada, kwa hiyo kengele ikahamishiwa ghalani ili isikike vizuri.

Katika enzi hizo Askofu alikuwa Sifaeli. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mnene, mpole wa sauti, mpenda utaratibu, na mimi niliyesimuliwa habari zake nasema ni afadhali angekuwa katili, maana katili huchoka, lakini mpenda utaratibu hulala usingizi mzuri akaamka na nguvu mpya. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba mtu akifa na deni la zaka hatapigiwa kengele wala kuzikwa katika ardhi ya Kanisa, na ardhi nyingine haikuwapo. Akaongeza kwamba jamaa wakishindwa kulipa, Kanisa litachukua vyote alivyoviacha marehemu, na kilichochukuliwa hakirudi. Hapo deni lilihesabiwa kuwa limepungua tu, halijaisha. Masikini wa Kwesanga wakawa wanabeba maiti zao hadi ng'ambo ya milima, kuzika kwa watu wasiowajua.

Alikuwapo pia mtu mmoja, Kisaka, hana shamba wala kuku. Alibeba mizigo sokoni, na siku asipopata mzigo alipiga soga. Watu walimwita punguani kwa sababu akiambiwa neno alilishika kama lilivyosemwa. Mfanyabiashara mmoja alimwambia asiondoe macho kwenye gunia la iliki, naye hakuyaondoa, ijapokuwa punda wa mtu huyo alipita mbele yake akienda zake na magunia mengine yote. Alipogombezwa alisema, "Bwana, iliki yako hii hapa." Mtu angeweza kumpiga kwa hilo, na kwa kweli alipigwa.

Kisaka alikuwa na mama, Bibi Naetwe, mjane wa siku nyingi. Mama huyu alitoa zaka maisha yake yote bila kukosa, hadi miguu ilipomshinda asiweze kwenda shambani, na tangu hapo alikula alicholetewa na mwanawe. Siku moja ya kiangazi akafariki. Kisaka alilia sana, akalia kwa sauti kama mtoto, maana alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na mama alikuwa amemwomba jambo moja tu: azikwe kando ya mumewe, kengele ikilia.

Basi akajifuta uso, akaenda kwa Askofu.

"Shikamoo, Baba Askofu."

"Marahaba, Kisaka. Nimesikia. Pole sana. Zaka yake je?"

"Alitoa tangu usichana wake, Baba."

"Hadi miguu ilipomshinda," akanena Askofu kwa upole. "Tangu hapo hakutoa."

"Tangu hapo hakuvuna."

"Lakini alikula?"

"Alikula nilichompelekea."

"Basi alipata. Nawe utaleta fungu la kumi la vyote alivyokula."

Kisaka akafikiri. "Baba, alivyokula vimekwisha kuliwa."

"Hilo si neno la Kanisa. Ulete, ndipo tutakapomzika."

"Na nisipoweza?"

"Kanisa litachukua alichokiacha."

"Chote?"

"Chote."

"Hata kisichofaa kitu?"

Askofu akatabasamu. "Kwa Kanisa hakuna kisichofaa."

"Na mkisha kukichukua, naweza kuja kukidai?"

"Huwezi, mwanangu. Hata ukilia machozi ya damu, hakirudi."

"Nimeelewa, Baba," akasema Kisaka. "Basi tuma watu leo hii, maana mimi siwezi kulipa." Akainama, akatoka.

Askofu akamtuma Mzee Eliamini, mtunza zaka. Huyu alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi. Aliyemtangulia katika kazi ile alifukuzwa kwa kusahau mwiko mmoja nyumbani kwa marehemu fulani, naye Eliamini hakusahau kitu tangu siku ile. Alikwenda na wapagazi wanne na kopo la chokaa, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kuchora msalaba mweupe juu ya kila kilichochukuliwa, na kilichochorwa kikawa cha Kanisa machoni pa watu wote.

Wakachora chungu. Wakachora kigoda, jembe bovu, na mlango. Wakafika kwenye kitanda, na juu yake alilala Bibi Naetwe, amefunikwa shuka.

"Mwondoe mama yako," akasema Eliamini, "tuchukue kitanda."

"Nimwondoe nimpeleke wapi, Mzee wangu? Nyumba mmeichora. Ardhi iliyo chini ya kitanda ni yenu tangu zamani. Nikimlaza nje nimemlaza juu ya mali ya Kanisa bila idhini."

"Hiyo ni kweli," akasema Eliamini.

"Tena nina swali, kwa kuwa mimi ni mjinga. Baba Askofu huhubiri kwamba mtu akifa, roho huenda kwa Mola na mwili huuacha huku duniani. Ndivyo?"

"Ndivyo anavyohubiri."

"Basi mama ameuacha mwili. Na Baba amesema mchukue alichokiacha, chote. Mimi siwezi kuficha mali ya Kanisa. Wewe ukiuacha hapa, shauri yako."

Eliamini akasimama na kopo lake. Akakumbuka ule mwiko. Akatazama paa, akatazama wapagazi, na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akainama akachora msalaba pembeni mwa shuka, taratibu, kwa adabu, akasema, "Inueni kitanda pamoja na vilivyo juu yake."

Wakapita nacho katikati ya soko, wakavuka daraja, wakaingia ua wa Askofu, wakakiweka mbele ya ghala. Kisaka hakuwafuata. Alikwenda kunawa uso.

Sasa sikiliza desturi ya Kwesanga, ambayo ni ya zamani kuliko Kanisa. Msiba upo pale mwili ulipolala. Mwenye ua huo ndiye mfiwa, hata kama hakuwahi kumjua marehemu. Majirani wote huzima mioto ya majikoni mwao, na hakuna atakayeikoka hadi matanga yaanuliwe. Wakubwa kwa wadogo hula kwa mfiwa. Na asiyelisha waombolezaji ametengwa na watu, hapewi moto wala hasalimiwi.

Basi waliouona mwili ukiingia kwa Askofu walikwenda wakawaambia wengine, mioto ikazimwa mtaa kwa mtaa. Wanawake wakaja wakilia, wakakaa kwenye ngazi za ghala. Wanaume wakaja na mikeka. Askofu alipotoka kuangalia kelele ni za nini, mtu wa kwanza akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, Baba Askofu, kwa kufiwa."

"Nimefiwa na nani?"

"Ndiyo uchungu huo, Baba. Kaa chini upumzike."

Wakamkalisha mkekani. Mtemi naye akafika na watu wake wote, wenye njaa ya safari, akasema amekuja bila kuaga kwa kuwa ni msiba. Jioni haijaingia, wazee wakaanza kuutazama mlango wa ghala, wakiulizana kwa adabu kama mfiwa ana habari kwamba watu hawajala.

Ghala likafunguliwa. Mahindi yakatoka, maharage yakatoka, vyungu vikubwa vikapangwa, na makande yakapikwa kwa ajili ya mji mzima. Watu wakala, wakasifu, wakasema marehemu alikuwa mtu mwema. Kisaka akaja nyuma ya wote, akapanga foleni kama mtu baki, akampa Askofu mkono.

"Pole, Baba. Nilimfahamu marehemu."

"Kisaka!" akasema Askofu, na sauti yake haikuwa ya upole tena. "Mchukue mama yako sasa hivi!"

"Laiti ningeweza, Baba. Lakini ana msalaba wa chokaa. Umesema hata nikilia hakirudi, na mimi nimelia tangu asubuhi."

"Mimi Askofu nakurudishia!"

Pale ngazini akasimama mwanamke mmoja, Sifuni, jirani wa marehemu, bakuli mkononi. "Kumbe vinarudi? Basi, Baba, mimi nina mbuzi wangu mle bandani mwa Kanisa, mwekundu, ana ukosi mweupe."

"Na mimi jembe la baba yangu," akasema mwingine.

"Na mimi shamba la bondeni," akasema Mtemi, ambaye hakuna aliyejua kwamba naye alikuwa amechukuliwa kitu.

Watu wengi wakaweka bakuli chini. Askofu akawatazama, akalitazama ghala, akasema upesi, "Nilighafilika. Hakuna kinachorudi." Wakayaokota mabakuli yao, wakaendelea kula.

Ikawa asubuhi yake Askofu akaagiza kaburi lichimbwe, kwa kuwa kila saa mwili ulipokaa uani vyungu viliongezeka. Lakini Eliamini akaja akainama. "Baba, marehemu bado ana deni la zaka. Jamaa zake wakilipa ndipo azikwe."

"Jamaa zake ni nani?"

"Kwa desturi, mfiwa. Ni wewe, Baba."

Askofu akavuta kikapu cha mahindi kutoka upande wa kushoto wa ghala, akakiweka upande wa kulia. Eliamini akashukuru kwa niaba ya Kanisa.

Basi Bibi Naetwe akazikwa kando ya mumewe, na kwa vile alikuwa marehemu wa Askofu mwenyewe, kengele ililia kama ilivyolia kwa maaskofu waliotangulia. Kisaka aliisikia, akajiinamia akalia, na wale waliozoea kumcheka hawakumcheka.

Kabla udongo haujarudishwa palibaki jambo moja. Katika Kwesanga mfiwa husimama kando ya kaburi akauliza kama yuko anayemdai marehemu, naye akiwapo hutaja deni lake palepale au husamehe. Askofu akasimama, amechoka, joho lake limeingia vumbi.

"Anayemdai marehemu ajitokeze."

Hakujitokeza mtu. Macho yote yakawa kwake yeye aliyeuliza. Akajikohoza, akasema kwa sauti ndogo, "Kanisa limesamehe."

"Hawajasikia nyuma, Baba," akasema Kisaka.

"Kanisa limesamehe!"

"Kuna swali la pili, Baba," wazee wakamkumbusha.

Alilijua. "Na ambaye marehemu alimdai, aseme mbele ya kaburi."

Ndipo Sifuni akasema, wala hakupaza sauti, "Baba, mimi si msomi. Babu zetu walipotoa fungu la kumi, sehemu yake ilikuwa ya wajane. Naetwe alilitoa miaka yote. Miguu ilipomshinda nilikuwa naona mlango wake kutoka kwangu. Aliyekuwa akiingia na chakula ni huyu punguani peke yake. Sasa sijui ile sehemu ya mjane ilipotelea njiani, au iko wapi."

Kila mtu alijua iko wapi, kwa kuwa walikuwa wameila tangu jana na ilikuwa na ladha nzuri. Askofu akatazama kaburini. Mwili ulikuwa mdogo sana, shuka limekunjwa mara mbili, na pembeni msalaba wa chokaa ulikuwa bado unaonekana.

"Kanisa linadaiwa," akasema.

Neno hilo halikuwahi kusikika Kwesanga. Eliamini akauliza kama aliandike. Askofu akamwambia aache, akavua joho, akashika koleo, akatupa udongo wa kwanza yeye mwenyewe. Matanga yalikaa hadi yalipoanuliwa kwa desturi, na yalipoanuliwa mtu angeweza kusimama katikati ya ghala akaita, akasikia sauti yake ikimrudia. Sheria ya kuzika haikutajwa tena. Hakuna aliyeifuta, ila kila alipokufa mtu mwenye deni, Askofu aliwahi mapema kumpeleka mchimba kaburi, kabla jamaa hawajafikiria kuleta kitanda.

Wako wasimulizi wanaodai kwamba Askofu alicheka, akampa Kisaka mavazi na punda. Usiwasadiki. Mtu aliyelisha mji mzima hacheki, na Kisaka hakupewa kitu. Watu walipomuuliza kwa nini hakuomba chochote siku ile ambayo Askofu asingeweza kumnyima, aliwashangaa.

"Nilikwenda kutaka mama azikwe," akasema. "Amezikwa."