Rafu ya Mama Dozi

Wahenga waliposema kwamba akili nyingi huondoa maarifa, hawakuwa wakiwasifu wajinga. Mjinga hana cha kuondolewa. Walikuwa wakimsema mtu mwenye akili za kumtosha na kubaki, ambaye kwa kuziamini mno huacha mlango ulio wazi akapitia dirishani. Mtu wa namna hiyo alikuwa binti mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Kichwa.

Jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa kichwa chake, ingawa kaka yake alipenda kusema hivyo. Alipewa kwa sababu tangu darasa la kwanza hakuwahi kushika nafasi ya pili. Alipomaliza shule, alama zake zilikuwa za kutundikwa ukutani, na kweli mama yake, aliyekuwa mfuaji wa mashuka ya zahanati, alizitundika sebuleni kando ya saa. Kichwa akaomba nafasi katika chuo cha ufamasia, kisha akakaa akingoja jibu kama mtu anayengoja chenji yake.

Barua ikaja, nayo ilikuwa na mistari minne tu. Ilisema alama zake ni nzuri sana, lakini hapakuwa na lolote la kuonyesha kwamba aliwahi kusimama upande wa ndani wa kaunta. Aombe tena mwakani, akiwa na saa mia tatu za kazi katika duka la dawa na barua iliyofungwa kutoka kwa mfamasia aliyemsimamia.

"Saa mia tatu za kufanya nini?" Kichwa alifoka. "Kuhesabu vidonge? Hata mtoto wa chekechea anahesabu!"

Mama yake alikuwa akikunja nguo. Hakuinua macho.

"Mwanangu, kitabu hakijawahi kukohoa," alisema. "Nenda ukawaone wanaokohoa."

Ndivyo Kichwa alivyofika katika duka la dawa la Mama Dozi. Lilikuwa duka la chumba kimoja na stoo, lenye kaunta ya kioo iliyopata ufa pembeni, jokofu dogo lililonguruma kama paka, na rafu moja ndefu iliyofunika ukuta mzima. Mama Dozi mwenyewe alikuwa mfamasia, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Jina lake alilipata kwa sababu hakuna mteja aliyetoka pale bila kuitaja kwa mdomo wake mwenyewe dozi aliyopewa.

"Mara ngapi?" Mama Dozi angeuliza.

"Mara mbili."

"Kabla ya chakula au baada?"

"Baada."

"Na ukijiona umepona kabla hazijaisha?"

"Namaliza, Mama."

"Haya, nenda salama."

Msaidizi wake alikuwa bwana mmoja aitwaye Chapuchapu. Alikuwa ametoa dawa pale kwa miaka kumi na mmoja, na mkono wake uliijua rafu kama ulimi unavyoyajua meno. Aliweza kuzungumza na mteja juu ya mpira, macho yakimwangalia mteja, huku mkono unakwenda wenyewe nyuma na kurudi na kisanduku.

Kichwa alipewa kazi za kuanzia. Alifagia, akapangusa vumbi, akasoma joto la jokofu asubuhi na mchana na kuliandika. Alisoma tarehe za kuisha dawa, moja baada ya nyingine, akasogeza mbele zile zilizokaribia. Jioni alijaza saa zake kwenye fomu na Mama Dozi akatia sahihi. Kila siku alisikia maswali yale yale na majibu yale yale, na kila siku moyoni alipiga miayo.

Lakini lililomkera kuliko yote ni rafu. Ilikuwa imepangwa kama mtu aliyevaa kiatu kimoja na ndala moja. Dawa ya shinikizo la damu ilikaa juu kushoto, na dawa ya sukari iliyotoka kiwanda kile kile, yenye kisanduku cheupe cha mstari wa buluu kama mwenzake, ilikuwa imetupwa chini kabisa kulia, nyuma ya dawa za kikohozi. Safu moja ilikuwa imefungwa mpira mwekundu. Mahali pengine palikuwa na nafasi tupu ya upana wa viganja viwili, ambayo haikujazwa hata mzigo ulipokuwa mwingi. Kichwa aliitazama kila siku kwa wiki nyingi. Hakuuliza. Aliona kuuliza ni kumwaibisha mwenye duka.

Zikiwa zimebaki saa ishirini na mbili fomu yake ijae, Mama Dozi alikwenda asubuhi katika ofisi ya serikali kuhuisha leseni.

"Mgonjwa mwenye cheti kipya cha daktari aningoje," aliagiza. "Wale wa kila mwezi wahudumieni. Nitarudi saa nne."

Mzigo wa dawa ulifika mapema, na Chapuchapu akaingia stoo kuupokea. Kichwa akabaki peke yake na rafu. Kwa saa moja na nusu mikono yake haikutulia. Aliondoa mpira mwekundu. Akaziba ile nafasi tupu. Akakusanya dawa za kila kiwanda pamoja, nyeupe na nyeupe, kijani na kijani, hata ukuta ukapendeza kama kitambaa kipya cha meza.

Chapuchapu alipotoka stoo alishika kiuno. "Loo! Leo duka limeoga! Na Mama akija?"

"Atashukuru," Kichwa alisema.

"Au atatufukuza wote wawili tukauze maji," Chapuchapu alicheka. Hapo hapo wateja wakaanza kuingia, na maneno yakaishia hapo.

Mteja wa tatu alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mzee aliyekunywa dawa ya shinikizo kwa miaka mingi. Zake zilikuwa zimekwisha jana yake. Chapuchapu akaanza naye habari za mechi ya Jumapili, na mkono ukaenda wenyewe juu kushoto, ukarudi na kisanduku cheupe cha mstari wa buluu. Fundi akaitaja dozi yake bila kukosea: kimoja, asubuhi, baada ya chai. "Tena ngoja niwahi cha leo," alisema, akatoka.

Saa nne kamili Mama Dozi alirudi. Alisimama mlangoni, mkoba ungali begani, akaitazama rafu.

"Nani ameigusa?"

"Mimi, Mama," Kichwa alisema, akingoja sifa.

"Tangu imeguswa, nani ametoka humu na dawa?"

Chapuchapu akahesabu kwa vidole. Mmoja alichukua dawa ya kikohozi, mmoja mafuta ya ngozi, na fundi cherehani.

"Ya fundi umeitoa wapi?"

"Mahali pake, Mama. Hapa." Mkono wake ukaenda juu kushoto kama kawaida, ukashika kisanduku, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile Chapuchapu akasoma kilichoandikwa. Uso ukamshuka kama pazia lililokatika kamba. Ilikuwa dawa ya kushusha sukari, na fundi hakuwa na ugonjwa wa sukari.

Mama Dozi hakupiga kelele. Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika.

"Kimbia," alimwambia Kichwa. "Natafuta gari, nakuja nyuma yako."

Kichwa alikimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Alimkuta fundi ameketi kwenye cherehani yake, shati limelowa jasho, uzi mkono mmoja na sindano mkono mwingine, na vyote viwili vinatetemeka.

"Sindano imenikataa leo, binti yangu," mzee alisema kwa ulimi mzito. "Tundu naliona mawili."

Katika vitabu vyote alivyowahi kukariri, Kichwa hakukumbuka hata ukurasa mmoja. Alichokumbuka ni sauti ya Mama Dozi, aliyoisikia mara arobaini huku akipiga miayo, ikiwaambia wagonjwa wa sukari: ukitetemeka, ukitoka jasho, usingoje mtu, tia kitu kitamu kinywani. Akavuka hadi kibanda cha jirani, akarudi na soda, akamshikia mzee chupa mpaka ikafika nusu.

"Si sindano, Baba," alisema, na machozi yakamtangulia. "Tumekupa dawa isiyo yako. Rafu niliivuruga mimi."

Mama Dozi alifika, wakampeleka zahanati. Mganga alisema dawa ile huweza kushusha sukari tena hata baada ya mtu kujiona mzima, kwa hiyo fundi alazwe hadi kesho yake. Alilala kwenye shuka alilolifua mama yake Kichwa. Jioni alikuwa amepata nguvu za kusema.

"Miaka thelathini nashona," alimwambia Mama Dozi, "sijawahi kumvalisha mtu suruali ya mwenzake."

"Ndiyo maana nimekuja kukuomba radhi mwenyewe, kaka," Mama Dozi alijibu. "Makosa ni ya watatu. Mimi niliondoka. Huyu bwana hakusoma. Na huyu binti alipanga."

Siku iliyofuata walirudisha rafu. Kichwa alitaka kuanza, akagundua kwamba hakumbuki ilivyokuwa. Aliitazama kwa wiki zote zile lakini hakuwahi kuiona. Ikabidi aulize, kisanduku kwa kisanduku.

"Hii mbona chini kabisa?"

"Kwa sababu inafanana na ya shinikizo. Mwaka wa kwanza wa duka hili zilikaa jirani, na nusura nimpe mtu siyo."

"Na mpira mwekundu?"

"Ni dawa ya watoto. Nguvu yake ni nusu ya ile ya wakubwa. Mkono ukigusa mpira, macho yanaamka."

"Na nafasi tupu?"

"Ili mkono usiteleze kutoka dawa hii kwenda ile." Mama Dozi akavua miwani, akaifuta. "Kila kilichokaa kiajabu humu kina kisa chake. Hii rafu ni makosa yangu ya miaka ishirini. Wewe ukayafuta kwa asubuhi moja."

Chapuchapu alisikiliza yote huku akiwapokeza visanduku. Tangu siku ile alisoma kila kisanduku kwa sauti, hata wateja wakamtania kwamba sasa anaitwa Polepole.

Saa mia tatu zilipotimia, Mama Dozi alimkabidhi Kichwa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ilikuwa nene. Kichwa aliibeba kama mtu anayebeba hukumu yake mwenyewe. Hakuifungua, wala hakulala vizuri.

Siku ya usaili walikaa mbele yake walimu watatu. Mkubwa wao alisoma barua polepole, akageuza ukurasa, akasoma tena.

"Leo nimesoma barua thelathini," alisema. "Zote zinasema mwombaji ni hodari na hajawahi kukosea. Yako imejaa kosa lako kuanzia juu hadi chini. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Ulikosea wapi?"

Kichwa alikuwa na jibu zuri alilolitunga usiku kucha, lenye rangi za visanduku na majina ya viwanda. Alilifungulia mdomo, kisha akaliacha.

"Sikuuliza," alisema. "Nilipita mbele ya rafu ile kila siku, nikaona haina maana. Haikunijia kwamba labda maana ipo, ila siijui. Kupanga kulikuja baadaye. Kosa lilikuwa kutouliza."

Mwalimu alitazamana na wenzake, kisha akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho wa barua, akausoma kwa sauti:

"'Mwulizeni alikosea wapi. Akisema alipanga vibaya, nirudishieni, hajaiva. Akisema hakuuliza, mchukueni.'"

Wakamchukua. Na siku ya kwanza alipoingia katika stoo ya dawa ya chuo, akakuta chupa moja imewekwa peke yake pembeni, kinyume na nyingine zote, alikunja mikono yake nyuma kabla ya kusema lolote, kisha akamwuliza mtunza stoo, "Samahani, hii imewekwa hapa kwa nini?" Alikuwa amejifunza, kwa jasho la fundi cherehani, kwamba akili nyingi huondoa maarifa.