Tawi Kavu la Otilia

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika imani kwamba hapo kale, katika nchi ya milima na theluji, palikuwa na nyumba ya watawa waliompenda mno Mtakatifu Barbara, shahidi wa Bwana. Sikukuu yake huangukia tarehe nne Desemba, wakati ambapo huku kwetu watu wanahangaika na palizi na kule kwao miti yote iko uchi. Masimulizi yasema kwamba Barbara alipokuwa akipelekwa gerezani kwa ajili ya imani yake, kijitawi cha mcheri, mti wa matunda wa nchi za baridi, kilinasa kwenye vazi lake. Akakitia katika maji kidogo aliyopewa ya kunywa, na siku aliyouawa kikachanua.

Basi watawa wale walikuwa na desturi yao. Siku ya Barbara, kila mnovisi, yaani binti aliyekuwa bado anajaribiwa kabla ya nadhiri, alikata tawi la mcheri, akalitia katika gudulia la maji dirishani pake. Tawi likichanua kufikia Noeli, alilileta pangoni mbele ya Mtoto Yesu, na watawa wakasema, huyu ameitwa. Lisipochanua, walimpa shali na mkate, na theluji ikiyeyuka akarudi kwao. Desturi nzuri, ila jamani, hata desturi nzuri huweza kumwonea mtu.

Mwaka huo alikuwapo mnovisi aitwaye Otilia. Jina hilo msilicheke, bibi zenu wanalo. Huyu binti alikuwa mwema hasa, lakini mikono yake, Mungu amrehemu! Akishika sahani, sahani inalia. Akiimba zaburi, wenzake wanapotea njia. Akicheka kanisani, na alicheka mara nyingi, hata ukuta ulisikia. Baadhi ya watawa walimwona hafai, wengine walimpenda kama roho zao, na Mama Adelaida, mkuu wa nyumba, alikuwa katikati, hajui aamue vipi. Ndipo aliposema, "Tuliache tawi liamue." Naye Otilia hakuwa na kwao pa kurudi. Wazazi wake walikwisha kufa, na kitu alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu, kufia katika nyumba ile akimtumikia Bwana.

Chumba chake kilikuwa upande wa baridi, jua halifiki. Tawi alilikata kwa kisu butu, kwa pupa yake ileile, likachanika chini kama muwa uliotafunwa. Kila asubuhi alivunja barafu guduliani, akalibusu tawi, akasema, "Haya, ndugu yangu, jitahidi." Wiki zikapita. Matawi ya wenzake yakatoa matumba, la kwake likabaki kijiti.

Asubuhi ya Noeli akaamka, akaona maua. Meupe, tele, dirishani pake! Akapiga magoti akalia kwa furaha, na Mama Adelaida, aliyekuwa akipita kuwaamsha wanovisi, akachungulia, akayaona, akatabasamu akaenda zake. Kisha Otilia akalitoa tawi kwenye maji ili alipeleke pangoni. Lilikuwa limekatwa vizuri chini, mkato mmoja safi.

La kwake lilikuwa limechanika. Alikaa kitandani na lile tawi magotini, na msidhani hakujaribiwa. Nani atajua? Mama mwenyewe ameyaona maua, ameridhika. Akifumba mdomo, nyumba ni yake mpaka kufa. Akiufumbua, ni shali na mkate na barabara. Alikaa hivyo mpaka kengele ya kwanza ikalia, akainuka akaenda jikoni, mahali pekee penye joto la kuchanulisha tawi.

Sista Kunegunda, mpishi mzee, alikuwa akikanda mkate wa sikukuu. Alipomwona akageuza uso.

"Sista," Otilia akasema, "tawi langu liko wapi?"

"Hilo ulilolishika."

"Sista, hili si langu."

Bibi wa watu akaacha unga. "Nyamaza, mwanangu. Hilo nililikuza mimi hapa nyuma ya tanuri. Mungu ana mikono mingi, na leo ametumia yangu. Wewe nenda ukapige magoti, ufurahi."

"Nitapigaje magoti mbele ya Mtoto nimeshika uongo?"

"Watakufukuza, Otilia!" Na hapo mzee akaanza kulia, machozi yanadondokea kwenye unga. "Nami nitabaki na nani wa kunivunjia sahani?"

Otilia akamkumbatia. Akaliacha lile tawi lenye maua mezani, akainama kwenye kikapu cha kuni, akachakura mpaka akaliona la kwake, na ule mchaniko wake chini. Akatoka nalo.

Kanisani wanovisi walipita mmoja mmoja wakiweka maua pangoni. Otilia alikuwa wa mwisho. Watawa walipoona kile kijiti, minong'ono ikapita kwenye viti.

"Otilia," Mama Adelaida akauliza, "maua niliyoyaona asubuhi yako wapi?"

"Yale hayakuwa yangu, Mama. La kwangu ni hili."

"Yalikuwa ya nani?"

Otilia akainamisha kichwa, asimtaje. Ndipo huko nyuma Sista Kunegunda aliposimama, aproni ingali imejaa unga.

"Mama, mkosaji ni mimi. Mtoto huyu hakujua. Nilimpenda nikashindwa kuvumilia."

Mama Adelaida alishuka kutoka kitini pake, akamwendea Otilia.

"Ulijua ya kuwa ukija na hili utaondoka?"

"Nilijua, Mama."

"Na ukalileta?"

"Ndilo nililo nalo, Mama."

Yule mkuu akatokwa na machozi mbele ya wote. Akalipokea lile tawi kwa mikono miwili, akaliweka karibu kabisa na Mtoto, mbele ya maua yote. Akawageukia watawa akasema, "Dada zangu, tumeuuliza mti swali ambalo Mungu alituuliza sisi. Mkosaji wa kwanza ni mimi. Binti huyu hatoki." Kisha kwa mpishi, "Nawe Sista Kunegunda, kitubio chako ni hiki: kuanzia mwakani matawi ya wanovisi wote utayaweka nyuma ya tanuri lako, yachanue yote." Otilia akacheka kwa sauti palepale, na mara hii hakuna aliyemkemea.

Watoto wa mafundisho kila mwaka huniuliza, je, lile tawi baadaye lilichanua? Halikuchanua, wapenzi. Lilikaa pangoni hadi Epifania, sikukuu ya Mamajusi, kavu vilevile lilivyokuja, kisha likapelekwa jikoni likachemsha uji, na aliyeukoroga uji huo alikuwa Otilia. Wengi wetu tunachelewa kwenda mbele za Mungu kwa sababu tunatafuta kwanza maua ya kuazima. Tusiyatafute. Kama ulicho nacho ni kijiti, nenda nacho hichohicho.