Mlio wa Kona ya Mhapa

Ukitoa jiwe, sikiliza tena. Mmelisikia neno hilo leo kwa fundi, akimwambia mwenzake aliyekuwa ameshaanza kufunga nati, na mmekuja kuniuliza ni jiwe gani, na mtu asikilize nini tena wakati jiwe limeshatoka. Kaeni. Wengi wanaitumia methali hii bila kujua ilikotoka. Ilitoka Mufindi, kwenye mashamba ya chai, na ilianza hivi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Sekela Chengula, dereva wa mashindano ya magari. Gari lake lilikuwa la mbio, jekundu, la milango miwili na viti viwili tu, tena limelala chini kama paka anayenyemelea. Msoma ramani wake alikuwa mjomba wake, Ambakisye, mdogo wa mama yake. Kazi ya msoma ramani ni kukaa kando ya dereva na kumtajia kona kabla hazijafika. Sekela alimwamini kama kipofu anavyomwamini anayemshika mkono.

Lakini palikuwa na kona moja ambayo mjomba alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini. Huko nyuma, Sekela akiwa bado mtoto wa shule, mjomba alimsomea ramani dereva aliyeitwa Filberti Mhapa. Siku moja ya ukungu gari lao liliacha njia mahali barabara inapopinda juu ya korongo. Mjomba alirushwa nje, akadakwa na michai. Mhapa aliteremka na gari mpaka chini. Waliomfuata walisimulia kwamba walipokuwa wakishuka walisikia gurudumu bado linazunguka na kusaga chuma, krrr, krrr. Walipofika likawa limenyamaza, na mwenyewe ameshakata roho. Tangu hapo mahali pale pakaitwa Kona ya Mhapa, na wachuma chai wakawa wanaambiana kwamba siku za ukungu mzito Mhapa anasaga. Mjomba hakuwahi kulisemea jambo hilo, wala hakuwahi kushuka kwenye lile korongo.

Basi, yalipokaribia mashindano, Sekela na mjomba walitoka kwenda kukagua njia. Ilikuwa alasiri, na ukungu ulikuwa umeshaanza kujikunja juu ya michai kama moshi wa kuni mbichi. Kabla ya kufika kwenye kona walikutana na wanawake wachuma chai wakiteremka na vikapu vyao mgongoni, na saa za kazi bado. Sekela akasimamisha gari, akashusha kioo.

"Kamwene, mama," alimwamkia aliyetangulia, mama mtu mzima aliyejifunga kanga mbili kwa ajili ya baridi.

"Kamwene, mwanangu. Msipite juu leo."

"Kuna nini?"

"Mwenyewe anasaga. Tangu asubuhi." Yule mama alimtazama mjomba badala ya Sekela. "Tulivumilia, tukasali. Sasa tumeshindwa, tunarudi nyumbani."

Mjomba aliinamia ramani yake kana kwamba hakusikia. Sekela alimshukuru yule mama, akapandisha kioo, akaendelea. Hakuwa mtu wa kupuuza maneno ya wakubwa. Ila mashindano hayamngoji mtu, na barabara ile ndiyo barabara ya mashindano.

Walikuwa wameliacha shamba la chini na kuanza kupanda, ukungu umefunga mbele hata taa hazikufua dafu, mlio ulipoanza. Haukutangulizwa na dalili yoyote. Krrr. Ulitoka mbele kulia, chini ya miguu ya Sekela, mkavu, kama jino linalosagwa na mtu aliyelala. Nywele zilimsimama. Mjomba, aliyekuwa akitaja kona, aliacha neno katikati.

Sekela akapunguza mwendo. Mlio nao ukapungua. Akaongeza kidogo, nao ukaongezeka. Akagusa breki, ukabadilika, ukawa mwembamba kama filimbi, kisha ukarudi. Akapeleka usukani kushoto, uzito ukaangukia upande wa kulia, mlio ukazidi.

"Mjomba," alisema, "kama ni mzimu, basi ni mzimu unaotii breki."

Mjomba hakucheka. Sekela alisogeza gari taratibu mpaka mahali palipokuwa sawa, akalisimamisha, akazima injini. Mlio ukakatika. Ndipo alipoona wako wapi. Mbele yao, karibu kama mlango wa chumba, lilikuwa jiwe lililopakwa chokaa kuonyesha ukingo wa Kona ya Mhapa.

"Geuza," alisema mjomba. "Geuza, mwanangu, turudi."

"Turudi vipi na breki zinazosaga? Huko tunakorudi ni mteremko mtupu."

"Bora mteremko kuliko hapa."

"Kama ni breki," alisema Sekela, "tutamfuata Mhapa kwa miguu yetu wenyewe. Nipe jeki."

Alisema hivyo kwa ukali, kwa sababu alikuwa anaogopa. Alipotoka nje ukungu ulimlowanisha uso. Hapakuwa na ndege wala upepo. Aliweka jeki, akalegeza nati, akainua gari, akalitoa gurudumu. Mjomba alisimama nyuma yake akiwa ameipa kona mgongo, kwa maana hakutaka kuitazama.

Sekela alishika lile sahani la chuma linalobanwa na breki, akalizungusha kwa mkono. Krrr. Alilizungusha tena polepole, sikio karibu, mpaka mlio ukakaa mahali pamoja. Nyuma ya sahani kuna bati jembamba la kukinga vumbi. Akaingiza bisibisi kati ya bati na sahani, akachokoa, na kitu kikadondoka kwenye nyasi.

Lilikuwa jiwe dogo, dogo kuliko punje ya hindi. Lilikuwa jeupe, laini, kama yale yanayookotwa mtoni, na barabara ile nzima ni udongo mwekundu na kokoto nyeusi. Sekela aliligeuza kiganjani, akashangaa kidogo limepita wapi mpaka likafika pale. Akazungusha sahani. Lilizunguka kimya.

"Ni jiwe, mjomba. Jiwe tu."

Mjomba alilichukua, akalitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa shuka la shingoni. "Miaka yote hii," alisema, "jiwe." Alisaidia kurudisha gurudumu, akakaza nati mwenyewe, akashusha jeki, akaingia garini na kufunga mkanda. "Twende, mama. Ukungu unazidi."

Sekela alishika mlango. Kuna neno lilikuwa limemkwama kama mwiba wa samaki kooni. Jiwe lilikuwa limeingia muda mfupi tu uliopita, walipoanza kupanda. Lakini yule mama alisema tangu asubuhi.

"Mjomba, wale akina mama wamesikia nini?"

"Mwanangu, jibu tumeshalipata."

"Tumepata jibu la gari letu. Wao walisikia kabla yetu."

"Ingia, twende."

"Ngoja. Usifunge mlango, usiseme kitu. Acha nisikilize tena."

Alisimama barabarani. Mwanzoni alisikia damu yake tu ikigonga masikioni, na matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Gari lilikuwa limezimwa. Magurudumu yote yamekanyaga chini, hayaendi popote.

Krrr.

Ulitoka chini ya kona, kwenye korongo.

Mjomba aliusikia pia. Sekela alimwona akishika mkanda wa kiti kwa mikono miwili, uso wake umekuwa wa majivu. Yeye mwenyewe akaegemea gari. Kila alichowahi kuambiwa kuhusu mahali pale kilimjia kwa pamoja, na angeingia garini aondoke, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mlio ukaja tena, na sikio lake, ambalo muda si mrefu lilikuwa limetoka kusikiliza sahani la breki, likausikiliza kama lilivyousikiliza ule wa kwanza. Ulivuta kwa muda mrefu. Ukapumzika. Ukavuta tena, kwa kifupi zaidi. Ukapumzika kirefu.

"Mjomba," alinong'ona. "Gurudumu halichoki. Hiki kinachoka."

Mjomba alimtazama bila kuelewa.

"Na mfu hachoki," Sekela alisema. Kisha akasogea ukingoni, akaita, "Nani huko chini?"

Mlio ukakatika. Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko mlio wenyewe. Halafu ukaanza tena, haraka haraka, bila mpangilio, kama mtu anayekuna mlango akitaka afunguliwe.

Mjomba alifungua mkanda. Alitoka garini, akafungua buti, akatoa kamba ya kuvutia gari, akaifunga mwisho wake kwenye ndoano ya mbele, akachukua na jeki. Alimpita Sekela pale ukingoni na kuanza kushuka wa kwanza, kamba mkononi, akaingia kwenye ukungu mpaka ikabaki sauti ya miguu tu. Sekela akamfuata.

Chini, kwenye magugu, lilikuwa limelala gari dogo la mizigo, matairi juu, nguzo za mkaratusi zimetawanyika kulizunguka. Liliacha njia alfajiri, katika ukungu. Mtu alikuwa ndani, amebanwa kifuani na usukani, mguu umenaswa. Mkono mmoja ulikuwa umepenya dirishani, na katika mkono ule alishika spana. Hakuwa na nafasi ya kuiinua apige. Aliweza tu kuiburuta kwenye ukingo wa chuma wa mlango. Krrr. Rangi ilikuwa imekwanguka yote pale, chuma kinang'aa, na vidole vyake vimechunika.

Aliitwa Yordani, kijana mwenye familia, mwenyeji wa bonde la pili. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele alfajiri, kabla mtu hajapita.

"Walikuja watu asubuhi," alisema, nao ikabidi wainame kumsikia. "Niliwasikia wakizungumza. Nikakwaruza kwa nguvu ili wanisikie. Wakakimbia. Kila nikikwaruza, wanakimbia."

Sekela alimpokea mjomba jeki. Waliiweka jeki chini ya kichwa cha gari, ileile iliyoinua gurudumu, wakainua kidogo kidogo, mjomba akamvuta Yordani kwa kwapa, akimwambia, "Pole, mwanangu, pole, tuko hapa, hatuendi popote." Wakampandisha kwa ile kamba, nusu wakimbeba, nusu wakimburuta.

Barabarani likawapo jambo la mwisho. Gari lilikuwa na viti viwili.

"Mpeleke hospitali," alisema mjomba. "Mimi nitabaki."

"Hapa?"

"Hapa. Nenda. Jitajie kona mwenyewe, unazijua."

Sekela aliondoka, na kwenye kioo alimwona mjomba amesimama kando ya lile jiwe la chokaa, shuka limefunika kichwa, mpaka ukungu ukamla.

Aliporudi kumchukua, jioni ikiingia, watu wa shambani walimfuata kwa miguu, yule mama wa kanga mbili akiwa kati yao. Mjomba alikuwa amekaa ukingoni, miguu inaning'inia juu ya korongo, ametulia kama mtu aliye barazani kwake. Yule mama alimwuliza kwa woga kama amesikia chochote.

"Nimesikia gari likipita," alijibu mjomba. "Lilipita hapa nyuma yangu, taratibu, nikageuka nisione kitu. Halikuwa linasaga."

Hakuna aliyemwuliza zaidi. Yule mama akalia, akasema kwamba walikuwa wengi pale asubuhi, wote wana masikio, na wote wakakimbia. Akamwuliza Sekela alijuaje kuwa ni mtu.

Mjomba ndiye aliyejibu.

"Hakujua. Alitoa jiwe, akasikiliza tena."

Wachuma chai waliondoka na maneno hayo, wakayapeleka majumbani. Yordani alipona, akabaki na mguu wa kuchechemea, na inasemekana hata harusini kwa binti yake aliyasema. Kutoka Mufindi yakateremka na madereva na mafundi mpaka yakafika huku kwetu.

Kwa hiyo yule fundi hakuwa anazungumzia jiwe. Mwenzake alikuwa amepata sababu moja, ikamridhisha, akataka kufunga. Sababu ile huenda ni ya kweli kabisa, kama lilivyokuwa la kweli lile jiwe jeupe. Lakini mtu aliyebanwa chini ya korongo hafunguliwi na jibu la gari lako.

Ukitoa jiwe, sikiliza tena.