Ncha ya Pili ya Fimbo

Mtu mmoja alikuwa na mwana asiyeona. Mtu huyo aliitwa Lugendo, na mwanawe Elikana. Njiani walishika fimbo moja, baba mbele ncha hii, mwana nyuma ncha ile. Hivyo ndivyo walivyokwenda chuoni, na hivyo ndivyo walivyorudi siku Elikana alipohitimu ufundi wa mikate, akapewa cheti na kupigiwa makofi. Makofi yakaisha. Alipotafuta kazi, milango ya mji ikafungwa kwa maneno matamu, mpaka Mama Shose, mwenye tanuri la mikate, aliposema atamjaribu hadi mwisho wa mwezi.

Lugendo hakupata usingizi tena. Aliliogopa lile tanuri, na kuliko tanuri aliogopa kosa moja dogo, maana kijana akirudishwa nyumbani, nani mwingine angemchukua? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kwa hiyo hakuishia mlangoni. Aliingia naye, akamwongoza hadi mezani, akampimia unga, akamsogezea maji, akamjibia kila alipoulizwa. Elikana alikanda tu. Mwezi ukakaribia kwisha, na bado hakujua mlango uko upande gani wa tanuri.

Asubuhi moja Mama Shose alisimama kizingitini, mikono imejaa unga, akasema, "Baba Elikana, mimi nimeajiri mmoja. Mbona kila siku mnakuja wawili?"

Lugendo akaiachia ncha yake ya fimbo, ikashuka mpaka sakafuni. Elikana akaingia ndani akiigongesha: hapa ukuta, hapa mguu wa meza, hapa joto linapoanzia. Mara akajikwaa kwenye ndoo iliyoachwa njiani, maji yakamwagika kwa kishindo. Baba akainua mguu aingie, lakini Mama Shose alikuwa ameshaiondoa ndoo kwa mkono wake, anawakaripia wafanyakazi walioiacha pale. Fimbo ikaendelea kugonga.

Lugendo alibaki nje, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, mpaka mikate ilipotoka.

Mwezi ulipoisha Elikana hakurudishwa. Alipokea mshahara wake mwenyewe, akaenda nao nyumbani, baba yake akimfuata nyuma kwa hofu ile ile.

Basi niambieni, ninyi mnaopenda kiasi hiki: miaka yote ambayo ncha ya pili haikugusa ardhi, fimbo ile ilikuwa ya nani?