Mgeni Aliyenyamaza kwa Jumbe

Adabu ya kwenu, kosa la ugenini. Mliisikia jana, mkaniuliza imetokea wapi. Basi sogeeni, maana methali hii ilianzishwa na ng'ombe mmoja.

Zilikuwepo nchi mbili, mto katikati: Umaka ng'ambo hii, Ulembe ng'ambo ile. Huko Umaka alikuwepo mjane, Chausiku, na jirani yake alikuwa Ndimbo, mgeni kutoka Ulembe. Chausiku hakumwamini tangu siku ya kwanza. Mtu gani huyo, ukimsalimia anatazama chini? Kaficha nini? Akawa anamchungulia kwenye tundu la ua. Haoni kitu, na bado moyo hautulii.

Mara ng'ombe wake akapotea, mwenye mimba, ndiye pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe. Kesho yake asubuhi Ndimbo huyo mlangoni, tope hadi magotini, majani mabichi yamemganda mikononi. Hajafungua mdomo, Chausiku akapiga yowe la mwizi. Ndimbo akainamisha kichwa, kimya.

Akapelekwa kwa Jumbe, mtawala wa Umaka. Sheria ya pale ilikuwa nyepesi: mshtakiwa anaulizwa mara tatu, anamtazama mshtaki machoni, anajibu. Asiyejibu kakiri, nyumba inabomolewa, anafukuzwa. Ndimbo akaulizwa mara zote tatu, macho chini, kimya. Vijana wakabeba mashoka wakaenda kubomoa. Chausiku akajisemea, si nilijua mimi.

Ndipo akafika Bi Mwahija, bibi aliyewahi kuolewa Ulembe, anahema.

"Jumbe, mmempa maji?"

"Maji ya nini? Hapa tunahukumu, hatujaja kwenye karamu."

"Kule mshtakiwa hasemi mpaka wakubwa wampe maji anywe. Akitangulia kusema, kawatukana."

Chausiku akacheka. "Mwizi kapata wa kumsemea. Na macho je, nayo yanangoja maji?"

"Nayo, mwanangu."

Ikaletwa kata ya maji. Ndimbo akanywa, akainua uso.

"Mama, ng'ombe wako alikwama topeni, kule kwenye matete. Nikamvuta, kazaa, nikamkatia majani. Nilikuja kukwambia, ukaniita mwizi."

Chausiku hakuamini hata hapo. Alimfuata bondeni kwa nyuma, fimbo mkononi, kila kichaka anakiona mtego. Kwenye matete akamkuta ng'ombe wake, ndama ananyonya. Akaketi chini palepale.

Waliporudi, nyumba ya Ndimbo ilikuwa rundo la udongo. Jumbe akaahidi kuijenga upya. Chausiku akamsihi abaki, hata ndama atampa. Ndimbo akakunja jamvi lake. Akawaambia hana kinyongo, kwani kwao naye angemwona mkosaji mtu wa Umaka anayewakodolea wazee macho. Ila usingizi hautamjia tena hapa. Akavuka mto.

Tangu siku ile mgeni akishtakiwa Umaka, kabla ya swali la kwanza Jumbe humuuliza kwao mtu hushtakiwa vipi. Vijana wakilalamika kwamba anachelewesha hukumu, huwaonyesha kile kiwanja kitupu kando ya ua wa Chausiku, akawaambia: adabu ya kwenu, kosa la ugenini.